Tulivyolima Mwani Ngokolo

Mume wangu alikuwa gadi wa treni, na kila gadi niliyepata kumjua alikuwa na kitu chake cha kubeba kutoka mwisho mmoja wa reli hadi mwingine. Wengine walibeba nazi, wengine mikeka, mmoja alibeba kasuku. Wangu alibeba maji ya bahari. Aliyateka Dar es Salaam kwa madumu, akayapanga kwenye behewa lake la nyuma, yakapita Morogoro, Dodoma na Tabora yakisukasuka, yakateremshwa stesheni ya Shinyanga mbele ya watu walioamini ni mafuta ya taa. Bwana mmoja alimfuata mpaka nyumbani kwetu Ngokolo akitaka auziwe japo chupa moja. Alipoonjeshwa aliondoka bila kuaga.

Mimi nilikulia machimboni Rwamgasa, binti wa mtu aliyeosha mchanga maisha yake yote akitafuta chembe za dhahabu, na bahari nilikuwa sijaiona. Nilipoolewa nilijipa moyo kwamba siku moja ningepanda treni ya bure kwenda kuitazama, maana mke wa gadi naye ana haki zake. Badala yake bahari ilinifuata yenyewe, dumu kwa dumu, ikajaa kwenye sanduku la mninga ambalo fundi madirisha alilitia kioo upande wa mbele na kulipaka gundi nyeusi kwenye pembe zote. Sanduku la kwanza lilivuja likalowesha unga wa mwezi mzima. Nilisema maneno ambayo mume wangu alikuwa hajawahi kuyasikia kutoka kwangu. La pili likakaa, tukaliweka uani, chini ya upenu wa jiko, mahali jua la asubuhi linapofika bila kuchoma.

Ndani yake kulikuwa na mawe yenye matundutundu yaliyotolewa baharini yakiwa bado yana uhai, na juu ya mawe yameota matumbawe laini. Asubuhi matumbawe yale yalifungua vidole vyake vidogo vya rangi ya hina iliyopauka, yakawa yanapungapunga, na jioni yakavikunja. Kulikuwa pia na samaki wachache wa buluu, wadogo kama kidole gumba, wenye hasira zisizolingana na miili yao. Hewa tuliipata kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori. Tuliujaza kwa pampu ya baiskeli mpaka ukavimba, kisha tukauacha upumue polepole majini kupitia mrija wa dripu, ule wenye kigurudumu cha kubania. Maji yakipungua kwa jua tuliongeza ya bomba yaliyolala kwenye ndoo, kwa sababu kinachopaa ni maji, chumvi haiendi popote. Hayo yote nilijifunza kwa lazima. Mwenye mali alikuwa njiani wiki nzima, na mwenye kubaki na mali nilikuwa mimi.

Mvuvi wa feri, soko la samaki la Dar es Salaam, aliyempa mume wangu vitu vile alimpa na onyo, na mume wangu akalileta nyumbani likiwa limeshakuwa amri. Maji ya huko vinakotoka ni maskini, alisema. Samaki walishwe kidogo, tena kidogo sana, kwa sababu kila kinachobaki bila kuliwa kinakuwa rutuba, na maji yakishakuwa na rutuba yataota mwani, na mwani ukishaota unayafunika matumbawe mpaka yafe. Mimi nilikuwa nawapa dagaa mmoja aliyesagwa, wagawane. Wageni waliona ni ubahili. Mama mmoja jirani aliniambia wazi kwamba ndiyo maana samaki wangu hawakui.

Ndipo akaja mama mkwe.

Alikuwa anaishi upande wa Ushirombo, kwenye mji wake mwenyewe, na shamba la mahindi na pamba ambalo alilima kwa mkono wake tangu alipofiwa na mumewe. Mwaka ule ng'ombe alimkanyaga mguu zizini. Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya, na hospitali walisema jembe basi. Ukivunjika tena pale pale, hatatembea. Mume wangu, ambaye ndiye mkubwa, alikwenda kumchukua. Alikubali kuja kwa sharti alilolitangaza kwa kila mtu kuanzia siku ya kwanza, mpaka kwa muuza mkaa.

"Nimekuja kukaa kiangazi tu," alisema. "Mvua ya kwanza ikinyesha, kijana wangu mdogo anakuja kunichukua nikalime."

Mume wangu si mtu wa kuomba omba. Lakini kabla ya kurudi kazini safari ile alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, akaniambia, "Nisaidie abaki. Akirudi kule hatakaa. Atalima hata kwa kutambaa." Nilimwahidi nitajaribu. Kwa kweli nilikuwa sijui ninaanzia wapi.

Nilimpa mchele achambue. Alichambua haraka, akaniuliza na kazi yenyewe iko wapi. Nilimpa maharage, akaona namfanya mtoto. Alifagia uwanja akiwa amekaa kwenye kigoda, akikisogeza kila hatua, mpaka uwanja ukang'aa, na ilikuwa bado saa mbili asubuhi. Baada ya hapo alikaa akitazama ukuta. Jumapili tulikwenda misa naye polepole, akirudi alikuwa mchangamfu mpaka mchana, kisha ukuta tena. Nilimhurumia sana. Alikuwa mwanamke wa kuamka gizani na kuingia shambani umande haujakauka, na mimi nilikuwa nimemweka kwenye uwanja wa hatua chache tu, akingojea mvua kama mtu aliyeko stesheni na mzigo wake.

Kitu pekee alichokisogelea mwenyewe kilikuwa sanduku la bahari. Alikisogeza kigoda chake mbele ya kioo, akatazama siku nzima, na jioni akanipa hukumu yake.

"Mwanangu, hawa samaki wana njaa. Maji yenyewe meupe, hayana kitu."

"Ndivyo wanavyotaka, mama. Wakishiba sana wanaharibika."

Alinitazama kwa huruma, vile unavyomtazama mtu aliyekulia machimboni, asiyejua kufuga wala kulima. Nikaendelea na mapishi yangu. Niliona namshukuru Mungu kwamba amepata cha kutazama.

Sikujua kwamba mama mkwe wangu aliwahi kuwa mfugaji wa samaki. Miaka ya nyuma bwana shamba alipita kule kwao akahimiza watu wachimbe mabwawa, na bwawa la mama ndilo lililosifiwa kuliko yote. Bwana shamba aliwafundisha watie samadi, watie na mashudu ya pamba, mpaka maji yawe ya kijani. Kipimo kilikuwa mkono. Unauzamisha mpaka kwenye kiwiko, na ukiona bado kiganja chako, bwawa lako ni maskini, ongeza. Ukiona hakionekani, hongera. Kwa kipimo hicho alivuna perege wa kugawia watu na kubakiza. Sasa amekaa mbele ya maji ambayo angeweza kuhesabu mistari ya kiganja chake ndani yake, na mkamwana wake anawapa samaki dagaa mmoja kwa siku.

Jirani yetu wa nyuma alikuwa na ng'ombe wa maziwa na gunia la mashudu kutoka kwenye kinu cha kukamulia mafuta ya pamba. Mama alimwomba kidogo, akapewa kwa furaha. Kila nilipokwenda sokoni au bombani, alitia konzi yake. Aliyafikicha vizuri, akayasukuma chini ya mawe ili yasielee. Alikuwa anataka kutupa raha, mimi na mwanawe, siku tutakapoona samaki wamenenepa.

Kwanza maji yalikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Nikamlaumu fundi na gundi yake. Halafu kioo kikaanza kuteleza, na utelezi ukawa wa kijani, na juu ya mawe yakaota manyoya mafupi, kisha marefu, yakitikisika kwa ile hewa ya tairi. Kila asubuhi nilifuta kioo kwa kitambaa na kila jioni kilikuwa kimerudi. Matumbawe yalikunja vidole vyake yakagoma kuvifungua. Samaki mmoja alifika juu kabisa akawa anabwia hewa. Nilibadilisha maji kwa madumu ya akiba yote mawili, lakini kesho yake nilimkuta ameelea. Nilikuwa na hasira ya mtu asiyejua amkasirikie nani, nikapiga pampu ya baiskeli mpaka mikono ikafa ganzi.

Mama alikuwa akinitazama kutoka kwenye kigoda. "Usihangaike," alisema. "Mmoja hufa. Lakini ona maji yalivyoiva." Akapandisha mkono wa gauni lake, akauzamisha mkono mpaka kiwiko, akanionyesha. Kiganja kilikuwa hakionekani. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu alipofika.

Niliinua jiwe la mbele. Chini yake palikuwa na tope la mashudu, linanuka uchachu. Nilielewa yote kwa mara moja, na, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka nikakaa chini uani na mikono yangu imejaa uozo. Mama akacheka pia kwa kuwa aliniona nacheka, mpaka akaniuliza tunachekea nini. Akanisimulia bwawa lake na mashudu ya jirani, nami nikamweleza, kwa upole kadiri nilivyoweza. Nilimwambia bwawa lake lilikuwa la samaki wa kula, na wale hula kijani. Hawa wa baharini wanataka maji yasiyo na kitu, na matumbawe yanakula mwanga wa jua. Mwani ukiwa mwingi unayaziba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakausha mkono wake kwenye khanga.

"Basi nimewaulia," alisema.

"Hujaua, mama. Tutasafisha."

"Hapana. Mimi najua kutia rutuba. Kama hapa rutuba ni kosa, mimi sina kazi hapa." Akasogeza kigoda chake kurudi kwenye ukuta. Jioni nilimsikia akimuuliza jirani kama huku kwetu mawingu huanza kukusanyika upande gani. Chakula alikula kidogo. Moyo uliniuma, maana nilijua kilichopo mbele: mvua ingekuja, angekwenda, na mume wangu angerudi nyumbani akute kigoda kitupu.

Tope nililichota lote. Mwani nao niliung'oa kwa mkono, nikautupa, ukaota. Rutuba ilikuwa imeshaingia kwenye maji yenyewe, huwezi kuishika. Mume wangu alipita na madumu mapya, tukabadilisha sehemu ya maji, ikawa nafuu kwa siku chache, kisha manyoya yakarudi yakielea vipande vipande kila mahali. Hivyo vipande ndivyo vilivyonipandisha mori kuliko vyote. Nikaamua nivichuje.

Kwa mtoto wa Rwamgasa, kuchuja kuna namna moja tu. Baba yangu alikuwa na mwalo, ndivyo wachimbaji wanavyouita: ubao ulioinamishwa, umetandikwa gunia la katani, unamwagia maji yenye mchanga kutoka juu, mchanga unateremka na dhahabu inanasa kwenye nyuzi. Nilitafuta ubao, nikautandika gunia lililochemshwa vizuri, nikauegemeza juu ya sanduku ili maji yanayoteremka yarudi ndani. Juu yake nikaning'iniza ndoo yenye tundu dogo. Unateka maji sandukuni kwa kikombe, unajaza ndoo, ndoo inachuruzika juu ya gunia. Nilitarajia gunia linase vipande vya mwani, nilikung'ute, mambo yaishe. Kwa sababu mwalo ule ulijitokeza nje ya upenu, ulipigwa na jua kutwa.

Tatizo likawa ni nani atajaza ndoo. Mimi nilikuwa na jiko, bomba na soko. Nilimwendea mama ukutani.

"Mama, nisaidie kujaza ndoo hii. Ni kazi ya kukaa."

"Sitawadhuru samaki?"

"Maji yao wenyewe yanapanda na kushuka. Huongezi kitu."

Akaja bila furaha, akanyoosha mguu wake mbovu pembeni, akaanza kuteka. Alifanya hivyo kila siku, jua likiwepo, kwa sababu alikuwa ameahidi, na mtu wa aina yake akishika kazi haiachi. Gunia lilinasa vipande kidogo tu. Lakini kabla sijalikung'uta liligeuka rangi. Likawa na ukungu wa kijani, kisha zulia la kijani, kisha manyasi mazito kuliko yale ya ndani. Nilipoliona hivyo nilichukia. Nilikuwa nimejenga mtambo wa kuzuia mwani na mtambo wenyewe umeota mwani. Nililivuta nikalitupe.

Mama akanishika mkono.

"Usiguse. Tazama kule ndani kwanza."

Nikainama kwenye kioo. Mawe yalikuwa yanaonekana. Manyoya ya ndani yalikuwa yamepauka, mafupi, mengine yameng'oka yenyewe.

"Majani yamehama," alisema. "Nimekaa hapa naona. Huku juu kuna jua zaidi, na maji yanapita juu yake. Ukiwa na samadi ya zizi moja na mashamba mawili, lile linaloanza kula ndilo linalostawi. La juu limekula, la chini limekosa. Sasa haya ya juu tuyavune, tuyatoe nje kabisa, na rutuba imetoka nayo. Kesho yataota tena, tutayatoa tena. Mpaka maji yarudi kuwa maskini, kama mnavyotaka nyie."

Alisema "maskini" kwa dharau kidogo, lakini macho yake yalikuwa yanawaka. Mimi nilisimama pale na furaha, pembe ya gunia mkononi. Nikamwambia, "Mama, basi lima." Akaniambia nimletee kijiko kisicho na makali.

Hapo ndipo kilimo kilipoanza. Alivuna kwa kijiko, na hakuvuna lote. Alikwangua nusu moja ya gunia akaacha nusu nyingine iwe mbegu, na wiki iliyofuata akageuza. Alijifunza kwamba ndoo ikikauka mchana majani yanaungua, na maji yakipita haraka mno hayashiki kitu, akaziba tundu kwa kijiti mpaka akapata mwendo autakao. Nilichokuwa nasema mimi kuhusu jua alikipinga, akausogeza mwalo mwenyewe kwa kuamuru watu. Mavuno aliyaosha chumvi kwenye karai akawapa kuku, na kuku wakawa wanajipanga chini ya kigoda chake kabla hajaanza kukwangua. Yaliyobaki alifukia kwenye mchicha wangu, kidogo, maana alikuwa na wasiwasi na ile chumvi. Alifanya yote hayo akiimba nyimbo za kupalilia, zile ambazo kwao huimbwa na kundi zima lililopangana mstari na majembe. Yeye alikuwa peke yake na kijiko, akijiitikia.

Habari zilienea. Wanawake wa Ngokolo walianza kupita kwa visingizio vya kuazima ungo, wakimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo mayu. Unalima nini hapo?"

"Marahaba. Magugu."

"Magugu ya nini?"

"Ya kuyang'oa."

"Sasa unayalima ili uyang'oe?"

"Wewe huyang'oi ya kwako? Tofauti ni kwamba mimi nimeyaambia yaotee wapi."

Walicheka wakakaa, na aliyekaa alipewa kikombe ajaze ndoo. Jirani wetu wa ng'ombe alikuja naye, mtu mkarimu, na kopo zima la mashudu chini ya kwapa. Alikuwa amesikia samaki wanaendelea vizuri akaona ni mashudu yake. Mama alimshukuru sana, "Wabeja, wabeja," kisha akamrudishia kopo kwa mikono miwili. "Hapa ndugu yangu tumefunga," alimwambia. "Sandukuni humu ni Kwaresima mwaka mzima." Nilikimbilia jikoni nisimcheke yule bwana usoni.

Matumbawe yalifunguka asubuhi moja nikiwa nasonga uji. Mama ndiye aliyeniita. Alikuwa hajawahi kuyatazama vizuri yakiwa yamefunguka, kwa kuwa mwanzoni macho yake yalikuwa kwa samaki tu, na baadaye aliyachafulia maji. Vidole vyote vile vidogo vilikuwa vimejitokeza, vinapungapunga, na samaki wa buluu wanagombana katikati yake. Mama alikisogeza kigoda mpaka karibu kabisa na kioo. Akapandisha mkono wa gauni, akauzamisha mpaka kiwiko, akakitazama kiganja chake chini kule, kinaonekana na mistari yake yote, akakigeuza juu na chini.

"Kumbe yanavaa hivi," alisema. Uji uliungua, na nikauacha uungue.

Nilikuwa na furaha siku zile, lakini kila alasiri nilitazama mbinguni. Sikumuuliza mama chochote. Niliogopa nikiuliza atakumbuka. Upepo ulikuwa umebadilika, na vumbi la jioni lilikuwa na harufu ile tunayoijua. Mume wangu alipopita safari ya mwisho kabla ya mvua alimkuta mama amekaa kwenye mwalo, akamsalimu, akakemewa asisimame kwenye jua la watu. Alinivuta pembeni. "Amesema lolote?" Nikamwambia hajasema. Alitikisa kichwa. "Mama akisema neno lake huwa halirudii. Lilishasemwa." Akaondoka kwenda Dar es Salaam mabega yameanguka.

Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri, nzito, ikapiga mabati mpaka hatusikilizani. Tuliufunika mwalo kwa nailoni ili maji ya mvua yasiingie sandukuni. Mama alitoka mwenyewe na fimbo yake kuja kushika ncha moja, akalowa, akawa anacheka. Baada ya siku chache shemeji yangu aliteremka kwenye basi la kutoka upande wa Ushirombo, kijana mzuri, mwenye heshima, viatu vimejaa tope. Alipiga goti kumsalimia mama yake.

"Mayu, nimekuja. Ng'ombe wa plau wako tayari. Kesho kuna basi."

Mama alikuwa anakwangua. Hakuinua uso. "Osha mikono kwanza," alimwambia, "lakini usitumie sabuni. Halafu shika hicho kikombe."

Shemeji aliosha, akachuchumaa, akajaza ndoo asijue ni kwa nini. Nilisimama kwenye mlango wa jiko nikiwa na sahani mikononi.

"Mzigo wako uko wapi nikufungie?" akauliza baada ya muda.

"Mzigo wa nini?" alisema mama. "Msimu huu kuna mawingu, huoni? Majani yanaota taratibu, yanataka mtu wa kuyatazama. Huyu mkamwana wangu akiachiwa atayatupa yote na gunia lake, namjua. Lile shamba la nyumbani lilime wewe. Upande wa mahindi mpe mkeo achague anachotaka kupanda. Nimewapa."

Shemeji alinigeukia kuomba msaada. "Shemeji, mwambie basi."

"Karibu chakula," nilimwambia, nikamkabidhi sahani.

Aliondoka na basi la kesho, peke yake, na mayai ya kuku waliolishwa mwani. Mimi siku ile niliimba nyimbo za kupalilia ambazo hata maneno yake siyajui.

Mume wangu aliporejea alikuwa ameshasikia njiani kwamba mvua imeshika kote, Tabora mpaka Shinyanga. Nilimwona akiingia uani polepole kama mtu anayeingia kwenye msiba, mikono mitupu. Hakuwa na dumu hata moja. Baadaye aliniambia alifika feri, akayatazama maji, akakosa nguvu ya kuteka. Mama alikuwa amempa mgongo, kwenye kigoda, kijiko mkononi, kuku wamemzunguka. Alisikia hatua za viatu vya kazi, akageuka, akamtazama mwanawe mikono, kisha akatazama nyuma yake mlangoni.

"Maji yako wapi?"

"Mama..."

"Nakuuliza maji yako wapi. Sisi huku tunalima kwa mate?"

Mume wangu alikaa kwenye kizingiti, kofia ya ugadi bado iko kichwani, akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati. Alipopata sauti alimuuliza anahitaji madumu mangapi.